Wanawake wanaenda kupima matiti, ila sio mnavyodhani

Mleta uzi umeuliza kwa nini wanawake hawajitokezi kupima saratani ya matiti mpaka waumwe. Kwa huku kwetu Kigoma, Ujiji na Kibirizi, nakwambia wanapima, ila wengi hawakutoka nyumbani kwa ajili hiyo. Mtu kapeleka mtoto chanjo au kafata sindano ya uzazi wa mpango, nesi anamwambia dada ukimaliza pita chumba kile wakucheki na matiti. Anapita. Nauli kashalipa, foleni kashakaa, na mume alishaagwa kuwa leo ni kliniki.

Mi mwenyewe ndo nilivyopimwa. Nilichouliza kwanza ni nani anapima na shingapi, wakasema ni nesi wa kike na ni bure, basi nikavua blauzi. Unaweka mkono kisogoni, anapitisha vidole taratibu titi zima mpaka kwapani, anaminya chuchu kidogo aone kama inatoa majimaji, huku anakuelekeza ujicheki nyumbani siku chache baada ya hedhi maana kabla ya hapo matiti yanajaa yanauma, utajitia presha bure. Hapo ndo nikajua uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, wakati sisi wote tulikuwa tunasubiri maumivu!

Niliporudi mwaloni nikawasimulia wenzangu tunaoanika nao dagaa, wakaanza kwenda wawili wawili. Gari la matangazo lilishapita na maspika yake wala hakuinuka mtu. Shoga yako akikwambia hawaumizi na pazia lipo, unaenda. Waliowahi kuuguza ndugu mpaka hospitali za saratani, Bugando ya Mwanza au Ocean Road ya Dar, ndo kabisa hawabembelezwi, wanajua kusafiri na mgonjwa ambaye titi limeshatoa kidonda kukoje.

Woga upo, wengine wanasema bora nisijue. Ukimtisha kuwa saratani inaua umempoteza, mwambie uvimbe mwingi unaokutwa wala sio saratani, atakusikiliza.

Kwa mtazamo wangu (mtanisamehe wa fulana za pinki za kampeni ya saratani ya matiti kila Oktoba) wanaosahaulika ni mama zetu wa miaka 50 na kuendelea, hawana tena mtoto wa kupeleka kliniki na hatari inapanda kadri umri unavyoenda. Hao wadakwe siku wanayofata dawa za presha.