Kununua nyumba North Topsail Beach wakati mji unapinga ramani

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue nyumba North Topsail Beach, North Carolina, kwa matumaini kwamba mji huo utaondolewa kwenye orodha ya serikali kuu ya ardhi ya pwani isiyoendelezwa. Kwa maoni yangu, usilipe bei iliyojengwa juu ya matumaini hayo.

Sheria ya 1982 iliyoanzisha orodha hiyo na ramani zake (Coastal Barrier Resources Act) haiangalii majumba unayoyaona leo, bali hali ilivyokuwa wakati eneo lilipoingizwa kwenye ramani: je, kulikuwa na angalau jengo moja kwa kila ekari 5, au barabara, umeme, maji safi na mfumo wa majitaka vilikwishafika katika kila kiwanja? Kama ndivyo, eneo lilihesabika limeendelezwa. Mji unashikilia kwamba miundombinu hiyo ilikuwapo, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwenye kalamu ya kubadili mipaka, ukiacha marekebisho madogo, ni Bunge la Marekani, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliwakatalia wenye ardhi wa Kisiwa cha Topsail, ulipo mji huo, waliopinga ardhi yao kuwekwa kwenye ramani.

Ndani ya eneo lililo kwenye orodha, ujenzi wenyewe haukatazwi. Kinachokosekana ni bima ya mafuriko ya serikali kuu na fedha zake za kurudishia mchanga ufukweni. Kwa hiyo thibitisha kwanza kiwanja kiko upande gani wa mstari wa ramani hiyo, kwa kuwa sehemu ya mji iko nje yake. Kisha uliza mwaka wa ujenzi. Nyumba iliyojengwa kabla ya Oktoba 1983 yaweza kubaki na bima hiyo, ila ikiharibika kwa nusu ya thamani yake, haki hiyo hupotea. Bei ya bima binafsi uipate kwa maandishi kabla ya kuweka amana.