Maswali Yenu: Kufuli la biti 40

SWALI: Ushirika wetu wa wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, una seva ya Apache (programu ya kuendesha tovuti) inayotunza hesabu za wanachama. Fundi ameikagua akakuta inakubali funguo za biti 40 zenye alama EXP. Mbona kwenye simu alama ya kufuli inaonekana? Na funguo hizo zimetoka wapi?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Zimetoka Marekani. Miaka ya 1990 serikali ya huko iliuweka usimbaji fiche imara (ufichaji wa ujumbe kwa funguo) katika kundi la zana za kivita, na programu za kuuzwa nje zikabanwa kwenye biti 40. EXP, kifupi cha "export", ni alama ya bidhaa hiyo ya nje. Masharti yalilegezwa Januari 2000, lakini programu za zamani zimebaki na funguo hizo.

Biti ni tarakimu ya 0 au 1, na biti 40 huzaa funguo trilioni 1.1 hivi. Mashine inayojaribu funguo bilioni 1 kwa sekunde huzimaliza zote kwa dakika 18 au 19. Dagaa mlioanika mchangani hata hawajaanza kukauka. Kila biti moja ikiongezeka, kazi huwa maradufu, hivyo biti 56 ni ngumu mara 65,536. Nazo hazikutosha: Julai 1998 mashine ya EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, iliyogharimu chini ya dola 250,000, ilivunja DES, mbinu ya usimbaji ya biti 56, kwa saa 56.

Kinachotutia hofu zaidi ni RSA ya biti 512, ufunguo wa aina nyingine unaoandamana na EXP. Mwaka 2015 watafiti waliivunja kwa kompyuta za kukodi, kwa dola 100 hivi. Apache ya zamani huunda ufunguo huo mara moja tu, inapowashwa. Seva ikikaa miezi mitatu bila kuzimwa, anayeuvunja leo anautumia kusoma mawasiliano yenu hadi siku mtakapoizima. Kivinjari chenye kasoro huukubali hata kama hakikuuomba, na kufuli linaonekana vilevile.

Fungueni faili la mipangilio ya SSL (kanuni za kuficha mawasiliano ya tovuti, ambazo siku hizi huitwa TLS), muandike:

SSLProtocol -all +TLSv1.2
SSLCipherSuite HIGH:!aNULL:!EXP:!DES:!RC4

Endesheni apachectl configtest. Ikijibu "Syntax OK", izimeni Apache kabisa kisha muiwashe. Ikiikataa TLSv1.2, huenda OpenSSL yenu (programu ya usimbaji ambayo Apache huitegemea) ni ya kabla ya 1.0.1, au Apache yenyewe ni ya zamani mno, sasisheni kwanza. Baada ya hapo kila mwanachama abadili nywila, maana za zamani huenda zilishasomwa.

Simu za Android 4.4 kurudi nyuma huenda zikagoma kufungua tovuti. Wenye simu hizo waweke kivinjari kingine kinachokubali TLSv1.2, msiwarudishie EXP.