Kabla Hujauliza "Hii Sarafu ni Bei Gani?"

Sarafu ya kwanza "yenye kosa", yaani iliyochapwa vibaya kiwandani na hivyo kutafutwa na wakusanyaji, niliyoinunua bado ninayo, imo kwenye kikaratasi kilekile nilichopewa nayo. Aliyeniuzia alisema herufi zake zimechapwa mara mbili, na kweli, kwa macho matupu zilionekana mbilimbili. Nikatoa pesa ya kuuma. Miezi kadhaa baadaye mkusanyaji mmoja mkongwe aliishika, akaiweka chini ya lenzi kwa muda usiofika sekunde kumi, akanirudishia. "Hii ni ya kununulia kiberiti, mwanangu."

Kilichoniponza si macho. Sikujua sarafu inavyotengenezwa. Kipande kitupu cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikazungukwa na pete inayokizuia kisitanuke, kisha mihuri hukigonga kwa nguvu kubwa. Kosa la kweli lina pa kuzaliwa: kwenye kipande, kwenye muhuri, au katika kule kugongwa kwenyewe. Ukishindwa kueleza limezaliwa wapi kati ya hapo, mara nyingi sarafu yako imeharibikia mitaani, kwa nyundo, moto, tindikali au kukanyagwa na gari. Kwa mkusanyaji hiyo ni takataka, hata iwe na sura ya ajabu namna gani.

Turudi kwenye hilo la herufi mbilimbili, maana ndilo linalowaliza wengi. Muhuri wenyewe ukitengenezwa vibaya, ukapokea picha mara mbili zilizopishana, kila sarafu inayotoka humo hubeba herufi nene, zenye mviringo, na pembe za herufi hupasuka kama mkia wa mbayuwayu. Hizo ndizo zinazotafutwa. Lakini muhuri mzima ukiwa umelegea kwenye mashine, hutikisika kidogo baada ya kugonga na kuiparura herufi ubavuni. Pale panabaki kingazi bapa, cha chini, kinachong'aa, na herufi yenyewe hupungua unene badala ya kuongezeka. Yangu ilikuwa na kingazi. Siku hizi huigeuzageuza sarafu chini ya taa ya pembeni, kwa lenzi ya kukuza mara 10, na kile kingazi hujitangaza chenyewe.

Mistari nayo ina siri ndogo. Muhuri ukipata ufa, madini hujipenyeza humo, kwa hiyo juu ya sarafu utaona mstari ulioinuka. Mkwaruzo huchimba. Wengi hukimbilia kutangaza mikwaruzo kuwa kosa.

Sarafu iliyomegeka ukingoni ndiyo ninayoipenda kuipima kuliko zote. Kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya kuchapwa, utamkuta shahidi upande wa pili: mkabala na pale palipomegeka, ukingo huwa umefifia, kwa kuwa mashine ya kuinua kingo ilikosa cha kuegemea. Mwenye tupa nyumbani anaweza kukata upande mmoja, ila shahidi wa upande wa pili hamwezi. Na ukiletewa sarafu yenye vichwa pande zote mbili, tafuta kwanza kiungo chembamba ndani ya ukingo. Karibu zote ni za wanamazingaombwe, sarafu mbili zilizochongwa zikaunganishwa.

Halafu nunua mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na sumaku. Mfano wa kufundishia ni senti ya Marekani ya 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikachapwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zenye uzito wa gramu 2.7 hivi. Vichache vya shaba vilichapwa kwa makosa, navyo vina gramu 3.11 hivi na ni ghali mno. Ndiyo maana walaghai hupaka shaba zile za chuma. Sumaku huwaumbua papo hapo. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948, ya shaba kweli, na kuichonga ile 8 iwe 3. Hapo sumaku na mizani vyote hunyamaza, inabaki lenzi juu ya tarakimu.

Bei sasa. Kosa peke yake halileti pesa. Linaleta pesa likiwa linaonekana bila kuelezwa, likiwa na wanaolitafuta, na sarafu ikiwa haijachakaa. Sarafu iliyogongwa pembeni, nusu yake ikabaki tupu, huwa na thamani zaidi mwaka ukiwa bado unasomeka. Senti ya Marekani ya 1955 yenye maandishi mbilimbili inajulikana zilitoka 20,000 na ushei, si chache hivyo, lakini kila mtu anaitaka. Kinyume chake, mwaka 2008 Uingereza ilitoa peni 20 zisizo na mwaka, baada ya muhuri wa zamani wa upande mmoja kuoanishwa na mpya wa upande wa pili. Kosa zuri kabisa, ila zilitoka kwa maelfu mengi, na waliotegemea utajiri walibaki wameshika sarafu ya bei ya kawaida kwa wakusanyaji. Kwa hiyo usisome bei anayoitaka muuzaji mtandaoni. Tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo imekwisha kuuzwa mnadani, yenye hali kama yako.

Na usiisugue! Niliwahi kung'arisha moja kwa dawa ya meno, ikapendeza, nikajisifu. Mnunuzi alipoona vile vikwaruzo vidogo sambamba akaifunika kwa kiganja na kuomba aoneshwe nyingine.

Kuna kampuni kama PCGS na NGC zinazothibitisha sarafu na kuifungia kwenye plastiki. Wanatoza, kwa hiyo mimi hupeleka tu ile ambayo bei yake inazidi gharama hizo mara kadhaa. Kwa nyingine zote, humwomba muuzaji picha ya pande zote mbili, ya ukingo, na moja sarafu ikiwa juu ya mizani. Akisema mizani ya nini wakati kosa linaonekana, huwa namshukuru na kumuaga.