Kuhusu mwenzenu aliyehamia Sabato

Dada, nimekuelewa: mwenzenu wa kikundi cha maombi amehamia Sabato, kanisa linaloshika Jumamosi kuwa siku takatifu, kitimoto (nyama ya nguruwe) hagusi tena, na wengine wanataka atolewe. Msimtoe. Warumi 14 inazungumzia hayo hayo, siku na vyakula, na Paulo anakataza kuhukumiana. Kwetu alikuwepo mama wa hivyo. Tukahamishia maombi Jumatano jioni, sufuriani tukaweka kuku. Yakaisha (kuku mwenyewe alikuwa mgumu kama kandambili).

Ila akianza kufundisha kwamba asiyeshika Jumamosi hajaokoka, hiyo ni habari nyingine. Soma Wagalatia 1, Paulo anapoonya juu ya injili nyingine. Aongee naye mtu mmoja pembeni kwanza, si kwenye grupu la WhatsApp. Akikaza shingo, mwoneni mchungaji. Akiwakataza wagonjwa dawa, msingoje kikao: wapelekeni kliniki.