Ukifika Kraków, Omba Meza ya Mfungo

Safu ya Bibi wa Jikoni, Lamu. Mpishi mstaafu wa nyumba za wageni Shela anajibu maswali yenu ya chakula na safari.

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Binti yangu anasoma Kraków, Polandi, na mwezi wa Desemba ninakwenda kumtazama, inshallah. Amenilipia matembezi ya kuonja vyakula vya kienyeji. Watu ni wanane, mwendo ni wa miguu, muda saa tatu, na yuko kiongozi wa kusimulia habari za mji. Mimi nimefurahi, lakini baba yake anasema nitapewa nguruwe na pombe toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, heri fedha zirudishwe. Sitaki kumvunja mtoto moyo. Nifanyeje? Mama wa Langoni, Lamu.

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Mumeo amesema kweli, ila amekata tamaa mapema. Ukienda kimya kimya yatakukuta hayo hayo. Kwanza utawekewa mkate uliopakwa smalec, mafuta ya nguruwe yaliyoganda na vijinyama vyake ndani, na tango la chumvi kando. Halafu kiełbasa, soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Halafu bigos, kabichi chachu iliyotokoswa saa nyingi na nyama mchanganyiko. Mwisho vodka katika bilauri ndogo, na meza nzima inakutazama wewe. Nami nimeyatembea matembezi ya namna hiyo mji ule ule, nilipomfuata mwanangu, na nilirudi nimeshiba bila kutia kinywani hata kimoja katika hivyo.

Ilikuwa hivi. Wapolandi wengi ni Wakatoliki, nao wana mfungo wao wa kuacha nyama. Ijumaa wanaoshika dini hawaili. Na mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, siku wanayoiita Wigilia, familia hungoja nyota ya kwanza itokeze, kisha hukaa kula vyakula kumi na viwili visivyo na nyama hata moja. Mezani huachwa kiti kitupu na sahani yake, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Sasa fikiri wapishi waliokatazwa nyama siku zote hizo, mama kwa binti, karne kwa karne. Uyoga, viazi, kabichi, samaki na maziwa vimepikwa kule mpaka vikatulia. Kwa kauli yangu mimi, hiyo ndiyo meza yao bora, na soseji ni kelele tu.

Kwa hivyo usiishie kumwambia kiongozi kwamba huli nguruwe. Ukisema hivyo utaletewa kuku usiyejua kachinjwaje, au wataichopoa soseji sahanini wakuachie mchuzi wake. Sema unataka vyakula vya mfungo, kama vya Wigilia, na visikaangwe kwa smalec. Mpolandi aliyelelewa na nyanya yake ataelewa hapo hapo. Na binti ayaandike hayo mapema, siku kadhaa kabla, kwa sababu kiongozi ana mikahawa yake aliyopatana nayo, na akishaanza kutembea hawezi kumwambia mpishi abadilishe sufuria.

Nikutajie utakavyovikuta. Pierogi ndizo hutazikosa: sambusa ya nusu mwezi, ila imechemshwa. Za kabichi na uyoga ni za mfungo hasa. Ziitwazo ruskie zina viazi na jibini laini nyeupe, nazo ni tamu, lakini angalia juu yake. Wana tabia ya kunyunyiza skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, kama sisi tunavyonyunyiza kitunguu. Sema "bez skwarek", bila skwarki, kabla sahani haijatoka jikoni.

Barszcz ni supu nyekundu ya bitiruti. Ile ya Wigilia ni nyepesi na chachu kidogo, inaelea vijipierogi vya uyoga, na ndiyo niliyoipenda kupita vyote. Ya siku za kawaida mara nyingi huchemshiwa nyama, kwa hivyo uliza. Żurek, supu chachu ya unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, iache ipite. Mkahawani huja na soseji na yai, na harufu yake nzuri isikudanganye. Śledź ni samaki wa bahari za kaskazini aliyetiwa chumvi, akalowekwa kwenye mafuta na vitunguu bila kupikwa. Nilipomla bila kukunja uso, Mjerumani mmoja katika kikundi chetu alishangaa. Watu tuliokulia ng'onda tutatishwa na samaki wa chumvi?

Njiani utaona vigari vinavyouza obwarzanek, mkate wa duara wenye tundu katikati, unaochemshwa kabla ya kuokwa, juu una ufuta, chumvi au mbegu za mpopi. Jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2010, usitengenezwe nje ya Kraków na viunga vyake ukaitwa wa Kraków. Uliza mafuta yaliyomo kwenye unga, basi. Pączki, maandazi yao ya mviringo yenye jamu ya waridi ndani, yana hila zaidi, maana kwa mila hukaangwa kwa smalec. Sisi wa mahamri macho yatatutoka, lakini bila jibu la wazi usile. Chukua sernik, keki ya jibini, au piernik, mkate mtamu wa asali na viungo. Piernik mashuhuri ni ya mji wa Toruń. Nilipoinusa nilisikia mdalasini, karafuu na tangawizi, nikasema, haya yamevuka Bahari yetu ya Hindi kabla yangu.

Jibini ya kondoo ya milimani, oscypek, huchomwa ikapakwa jamu ya matunda mekundu. Juu ya jibini za Ulaya na kimeng'enyo chake cha kugandisha maziwa, ambacho mara nyingi hutoka tumboni mwa ndama, wanazuoni wana kauli mbalimbali, muulize ustadhi wako. Mimi nilikula.

Vinywaji visikutie wasiwasi. Omba kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa. Wakati wa Wigilia hutengenezwa kwa matunda makavu na huwa na harufu ya moshi. Vodka ikija mezani, isogeze kwa jirani. Hapatakuwa na ugomvi.

Chakula ni nusu ya matembezi. Mtasimama kwenye uwanja mkuu, Rynek Główny, wenye upana wa mita 200 hivi kila upande, na katikati jengo refu la Sukiennice walimouza vitambaa wafanyabiashara wa kale. Kila saa ikitimu, tarumbeta hupigwa toka mnara wa kanisa la Mariacki, pande nne za mji, na kila mara wimbo hukatika ghafla. Wanasimulia kwamba mpiga tarumbeta alichomwa mshale wa koo akiwaonya watu, Wamongolia walipovamia mwaka 1241. Wenyewe husema Watatari. Hapo muulize kiongozi juu ya Watatari Waislamu wa Polandi, uone kama kazi yake anaijua. Wapo mpaka leo kaskazini-mashariki ya nchi, wana misikiti ya mbao katika vijiji vya Bohoniki na Kruszyniany, ambako Mfalme Jan Sobieski aliwagawia ardhi askari wao mwaka 1679. Wana pai yao ya kukunja, pierekaczewnik, unga mwembamba tabaka juu ya tabaka, nyama ndani. Kraków ni mbali na vijiji hivyo, lakini mwambie baba yake kwamba Uislamu katika nchi ile haukuletwa na wanafunzi wa juzi.

Mtaa wa Kazimierz nao mtaupita. Huko Wayahudi waliishi karne nyingi, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa karibu robo ya watu wa Kraków. Mwaka 1941 Wajerumani waliwahamisha kwa nguvu kuvuka mto, wakawafungia mtaa wa Podgórze, na wengi wao wakauawa. Katika uwanja wa Plac Nowy kuna jengo la duara ambamo zamani kuku walichinjwa kwa sheria ya Kiyahudi. Leo madirisha yake huuza zapiekanka, nusu ya mkate mrefu juu ina uyoga na jibini, imeokwa. Chukua ya uyoga mtupu. Na mkahawa ukijiita wa Kiyahudi usidhani umefuata sheria zao za kuchinja. Wengi wanauza mapishi, sheria haimo.

Kuhusu baridi nitasema machache. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, joto huwa karibu na sifuri, mawe ya barabarani yanateleza. Vaa viatu vya soli nene na suruali ya sufu ndani ya buibui. Adhuhuri na Alasiri zinafuatana upesi, nawe ni msafiri, rukhsa yako unaijua.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafanya kazi hotelini Malindi na wageni wetu wengi ni Wapolandi. Juzi mama mmoja mtu mzima aliponisikia nikisema "karibu" machozi yalimtoka, akasema mama yake alizaliwa Tengeru. Tengeru si Tanzania? Nami nilitaka kumwonyesha kwamba chakula chao nakijua. Nimpikie nini? Mhudumu, Malindi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tengeru ni pale karibu na Arusha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wasovieti waliwachukua Wapolandi wengi wakawapeleka Siberia na kwingineko. Walipoachiliwa wakapitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru peke yake ilichukua kama watu 5,000. Walikuwa na shule, kanisa, mashamba, na makaburi yao yapo hadi leo. Zilikuwepo kambi nyingine Uganda, huko Masindi na Koja. Kwa hiyo huyo mama hakuigiza.

Usimpikie pierogi. Atakula kwa adabu tu, na moyoni atazifananisha na za kwao. Mkaribishe wali wa nazi na mchuzi wa samaki, umuulize mama yake alikuwa akitaja chakula gani cha huku. Ukipata jibu niandikie.

SWALI: Bibi, mimi ni kijana wa Mkomani, natembeza wageni. Nimesikia Ulaya watu hulipa kutembezwa wakila kidogo kidogo. Nataka kuanzisha hapa Lamu. Nianzie wapi? Kijana wa Mkomani.

JIBU: Ulinifurahisha, maana nilipokuwa nikitembea Kraków sikuacha kukufikiria, au kijana kama wewe. Mji wa kale wa kule na mji wetu wa kale yote miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wao tangu 1978, wetu tangu 2001, na wao hawana hata mahamri.

Wachukue wanane, wasizidi. Kwenye vichochoro vya Mkomani punda akija na mzigo wa mchanga, watu wanane wataegemea ukuta apite. Kumi na watano watarudi kinyumenyume mpaka pwani. Binti aliyetuongoza sisi alitumia akili moja nzuri: kituo cha kwanza alitupa tonge mbili, si zaidi, tukawa tunamfuata kwa njaa. Ukianza na biriani umekwisha. Anzia uwanja wa ngome, ambayo ujenzi wake ulianza 1813 ukamalizika 1821, soko liko hapo hapo, waone samaki na nazi. Kisha mahamri na mbaazi, kipande cha mkate wa mofa ukiwa moto, viazi karai kwa ukwaju, halwa mwisho na kahawa chungu. Panga baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua. Ijumaa mchana usiguse, na Ramadhani ngoja Magharibi.

Kabla ya yote waulize wasichokula. Mimi niliulizwa kwa maandishi, ndipo nikala. Wageni wako kuna wasiokula nyama kabisa, na kuna ambao karanga au kamba huwavimbisha koo. Hilo usilibahatishe. Kama mchuzi wa mbaazi umetiwa supu ya nyama, sema.

Na hadithi zako zisiwe za milango ya kuchonga peke yake. Yule binti alituambia ya Wayahudi wa Kazimierz bila kupunguza, huku mkate uko mkononi, na hakuna aliyeondoka. Mtama na ufuta uliotajirisha mji huu karne ya 19 ulilimwa na watumwa katika mashamba ya bara. Liseme hilo mgeni akishika bakuli lake. Atakuheshimu zaidi kuliko ukimpa porojo za masultani.

Leseni ya kuongoza watalii uwe nayo. Kina mama utakaowapitia nyumbani, patana nao bei ya kila mgeni mbele ya waume au wana wao, isije ikaleta maneno, na uwalipe kabla kikundi hakijavuka kizingiti. Ukishapata njia ya kwanza, nipitie Shela tuonje pamoja, mimi nitalipa yangu.