Jibu: Je, mwalimu mkuu aonyeshwe kumbukumbu za ushauri nasaha?

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza iwapo mwanasaikolojia wa shule hapa Nairobi anapaswa kumkabidhi mwalimu mkuu kumbukumbu za mazungumzo yake na mwanafunzi anapoagizwa kufanya hivyo. Naamini hapaswi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka masilahi yake yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Kwa hiyo mwanasaikolojia ajiulize kwanza mwalimu mkuu anahitaji kujua nini hasa ili amsaidie mtoto, amweleze hicho tu, na mwanafunzi mwenyewe ajulishwe mapema. Lakini mtoto akiwa anadhulumiwa au anakusudia kujidhuru, mwanasaikolojia atoe taarifa siku hiyo hiyo, hata kama shule inahofia sifa yake.