Kabla ya kununua hita ya bwawa la spa, hesabu maji yako

Hita yangu ya kwanza ya bwawa la spa, lile bwawa dogo la kukaa ndani ya maji ya moto, ilikuwa ya kilowati 2. Niliipenda kwa sababu ilikuwa ndogo, inachomekwa kwenye soketi ya kawaida, na muuzaji alinihakikishia kwamba inatosha bwawa la watu wanne. Nikajaza maji, nikawasha jioni, nikalala nikijua kwamba asubuhi nitaingia kwenye maji ya digrii 38. Kulipokucha kipimajoto kilikuwa kimefika 29. Siku ya pili kilipanda hadi 33, kikakwama hapo, na hita inawaka usiku na mchana bila kupumzika.

Hita haikuwa mbovu. Nilinunua kabla ya kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya dakika mbili tu.

Lita 1,000 za maji zikipanda digrii moja zimekula joto la uniti 1.16, yaani kilowati moja iliyowaka kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Bwawa langu linachukua lita 1,500. Maji ya bomba yalikuwa na digrii 20, nami nilitaka 38, kwa hiyo ni digrii 18 za kupanda. Zidisha 1.5 kwa 18, kisha kwa 1.16, unapata uniti 31 na kidogo. Kwa hita ya kilowati 2 hizo ni takriban saa 16 za kuwaka mfululizo, tena kama hakuna hata chembe ya joto inayopotea. Kilowati 3 zingechukua kama saa 10 na nusu, na kilowati 6 saa 5 na dakika chache. Fanya hesabu hii kwa lita zako na maji yako kabla hujazungumza na muuzaji yeyote.

Ila joto hupotea, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Bwawa langu halikuwa na mfuniko. Maji ya moto yaliyo wazi hupaa kama mvuke, na kila lita moja inayopaa huondoka na karibu theluthi mbili ya uniti. Kwa bwawa la lita 1,500, lita nne tu zikipaa usiku mmoja, maji yamepoa kwa digrii moja na nusu, na upepo ukivuma hali huwa mbaya zaidi. Kupasha bwawa lisilo na mfuniko ni kutia maji kwenye pakacha. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kitu kimoja kizuri, nunua mfuniko mnene unaobana vizuri pembeni, ndipo utafute hita. Najua watu wengi hufanya kinyume, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Shemeji yangu alipotaka kununua yake aliniuliza, "Sasa shemeji, ipi bora, ya umeme, ya gesi au ile pampu ya joto?" Nikamjibu kwa swali: utaoga mara ngapi? Yeye huingia Jumamosi tu, wiki nzima bwawa limepoa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kasi. Hita ya gesi ya BTU 100,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ina nguvu kama ya kilowati 29, na hata ukitoa joto linalotoka na moshi, bwawa kama langu lingekuwa tayari kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Akachukua ya gesi. Nilimsisitizia jambo moja, nami nalisisitiza hapa: hita ya gesi hukaa nje, mahali penye hewa ya kutosha, na bomba lake la moshi lisielekee dirishani. Hewa ya sumu inayotokana na gesi isiyoungua vizuri haina harufu wala rangi.

Mimi huingia karibu kila jioni, kwa hiyo maji yangu hayaachwi yapoe. Kwa matumizi haya pampu ya joto ndiyo hupunguza gharama ya umeme, kwa kuwa haizalishi joto bali huliokota hewani na kulihamishia majini. Hewa ikiwa na joto, kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata uniti tatu hadi tano za joto. Lakini soma kibandiko kwa makini. Namba kubwa iliyoandikwa pale mara nyingi imepimwa hewa ikiwa na digrii 26 na maji yakiwa 26, kwa ajili ya bwawa la kuogelea. Maji ya spa ya digrii 38 kwenye usiku wa baridi ni habari nyingine kabisa, na nguvu yake hushuka sana. Uliza pia inapasha hadi digrii ngapi, maana zipo zinazosimama kabla ya kufika 38.

Hita ya umeme ya kawaida hula umeme zaidi ya pampu ya joto, lakini ndiyo rahisi kufunga na ndiyo niliyobaki nayo, sasa ya kilowati 3. Za jua ni nzuri kwa kusaidia, lakini usizitegemee peke yake siku ya mawingu. Ya kuni inapendeza kwa anayependa moto. Kamwe usiiwashe kabla maji hayajaifunika.

Kuhusu umeme wenyewe, kilowati 6 kwenye volti 230 ni ampia 26. Soketi ya ukutani haiwezi, na waya wa kuongezea haufai hata kwa hita ndogo. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aweke laini yake peke yake na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Swichi hiyo ndiyo iliyonifunza somo la hita ya pili. Siku moja ilianza kukata kila nikiwasha, nikadhani swichi ndiyo mbovu. Fundi alipopima, umeme ulikuwa unavuja ndani ya hita: koili, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, ilikuwa imetobolewa na asidi. Nilikuwa nikiacha vidonge vya klorini vikielea bwawani siku nzima, pampu ya kuzungusha maji imezimwa na mfuniko umefungwa. Vidonge vya aina ile vina asidi kali, na maji yaliyotulia ndani ya hita yalikuwa yakila chuma polepole. Namshukuru Mungu kwamba swichi ilikuwepo na hakuna aliyekuwa majini. Kwa hiyo weka pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8 na uipime kila wiki, na ukiweza lipia koili ya titani, chuma kisicholika kirahisi, hasa kama bwawa lako linatumia maji ya chumvi. Maji yako yakiwa na chokaa nyingi, ujue pia kwamba chokaa hiyo huganda juu ya koili, joto likashindwa kutoka, koili ikaungua kutoka ndani.

Hita inayozimika yenyewe kila mara si lazima iwe imekufa. Ndani yake kuna kihisi kinachoizima mtiririko wa maji ukipungua. Osha chujio kwanza. Na unaponunua, linganisha mtiririko ambao hita inadai na ule ambao pampu yako inaweza kutoa, halafu pima mabomba: hita yenye mdomo wa inchi mbili kwenye bomba la inchi moja na nusu itakurudisha dukani.

Joto lisizidi digrii 40, na mjamzito au mwenye matatizo ya moyo amuulize daktari kabla ya kuingia.

Kama tayari una bwawa na unataka kubadilisha hita, fanya jaribio hili. Pasha maji, zima, funika, soma kipimajoto jioni na ukisome tena asubuhi. Bila mfuniko bwawa langu lilikuwa likipoteza digrii 8 kwa usiku, yaani uniti 14. Kwa mfuniko hupoteza 2, uniti tatu na nusu, na hita ya kilowati 3 huzirudisha kwa muda wa saa moja na dakika kumi.